Mwenye Ploti Hakutaka Kusikia "Ametulia"

Mama mkwe wangu amenuna. Anapika, anafagia, anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya juu ili nijue vizuri kwamba haongei na mimi. Kosa langu ni moja. Juzi nilimbeba mtoto wangu wa pili, ambaye hata miezi miwili hajafikisha, nikampeleka hospitali Thika bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwili wake ulikuwa moto. Mama mkwe alimwangalia kutoka jikoni akasema, "Si amelala? Ametulia." Nikachukua shuka na kadi ya kliniki nikatoka.

Daktari alimpima mbele na nyuma, akamtoa damu kidogo, akatuweka tungoje. Mwishowe akasema ni mafua, hakuna kitu kibaya, nimnyonyeshe sana na nirudi mbio akikataa titi au akianza kupumua kwa shida. Nikarudi Kimbo nikiwa mwepesi kama niliyetua gunia. Kumbe nyumbani kesi ilikuwa imeshaamuliwa.

"Nilisema mimi," mama mkwe alikuwa anawaambia majirani. "Lakini hawa wa siku hizi, mtoto akipiga chafya ni hospitali. Sisi tulizaa shambani na watoto walikua."

Na mume wangu, anayechoma nyama kule Kamakis na hurudi ananuka moshi, akaketi kitandani akaniambia polepole, kama mtu aliyefundishwa maneno: kuanzia sasa, kabla sijamtoa mtoto nyumbani, nimpigie simu kwanza. Yeye atamuuliza mama. Wakikubaliana, niende.

Sikujibu. Nilijua nikifungua mdomo nitatukana. Lakini tangu siku hiyo namfikiria mtu mmoja, na kila hasira ikipanda namfikiria zaidi, kwa sababu kama tungekuwa bado kwenye ploti yake, na mwenyewe bado amekaa pale getini, maneno hayo yasingemaliza kutoka mdomoni mwa mtu.

Jina lake silitaji. Hata tulipokuwa wapangaji wake hakuna aliyemwita kwa jina. Mbele yake tulimwita shosho, nyanya wa wote. Nyuma yake tulimwita Mwenye Ploti, na siku akifunga mfereji tulimwita mengine ambayo siwezi kuandika hapa.

Ploti ilikuwa ya mabati, hapahapa Kimbo, vyumba vimeangaliana, vyoo mwisho, mfereji katikati. Yeye alikaa chumba cha kwanza, mlango wazi, ili asipite mtu bila kuulizwa anatoka wapi. Alikuwa mfupi, mnene, na alivaa sweta mbili hata jua likiwaka, na soksi za kiume. Kiunoni alifunga leso, na kwenye leso kulining'inia fungu la funguo za kila kufuli ya ploti ile. Ulimsikia kabla hujamwona.

Niseme ukweli mapema, asije mtu akadhani naandika juu ya malaika. Alikuwa na roho ngumu kwa mambo madogo. Maji alifunga mchana kutwa, ati tunayamaliza. Kamba ya nguo ya upande wa jua ilikuwa yake, na ukianika nepi hapo alizitoa akazitupa kwenye beseni lako zikiwa bado zinachuruzika. Sisi tuliotoka magharibi alituita watu wa ugali. Akiniona na unga alikuwa anauliza, "Mama Neema, unarisha jeshi?" L na r zilimchanganya maisha yote. Kulala kwake kulikuwa kurara, na jina la kijiji chetu alilikata vipande akakirudisha kikiwa kijiji kingine. Tulimcheka sana, na hakuwa na habari na sisi. Nimechelewa kuelewa kwamba hicho ndicho kitu kikubwa alichokuwa nacho. Alichekwa na kicheko hakikumwingia.

Kulikuwa na neno moja tu ambalo usingelisema mbele yake. Si tusi. Matusi alikuwa nayo yake ya kutosha. Neno lenyewe ni "ametulia".

Nyinyi mnajua tunavyolisema. Mtoto amelia tangu jana, homa, kuhara, majirani wanapita wakiuliza anaendeleaje. Halafu ananyamaza. Unatoka nje unasema ametulia. Kila mtu anashusha pumzi. Unaenda kufua. Linasikika kama habari njema, kwa sababu kwetu mtoto mzuri ndiye yule mtulivu, yule ambaye wageni wanamsifu kwamba hasumbui, unaweza kusahau kama ako ndani. Basi mtoto mgonjwa akikosa hata nguvu ya kusumbua, tunamsifu palepale.

Mwenye Ploti akilisikia alisimama wima, hata kama alikuwa anapita tu. "Ameturia aje?" alikuwa anauliza. "Ameturia akinyonya, ama ameturia akiangaria ukuta?"

Nililijua vizuri wakati wa Neema, mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa ameanza tu kukaa mwenyewe. Akaanza kutapika na kuhara. Kila aliyemwona alisema ni meno. Mama wa chumba kilichofuata alisema meno. Kijana wa kemisti pale kona alisema meno, akaniuzia dawa ya kupaka kwenye ufizi. Dada yangu wa Githurai 45 alisema kwa simu ni meno, wake alihara hivyohivyo akapona mwenyewe. Kwa mitaa yetu meno yana kazi nyingi kuliko kutafuna. Yanaleta homa, yanaharisha, yanatapisha, yanakondesha, na hakuna mtu anayepanda gari kupeleka meno hospitali.

Jumapili mchana wamama wa kanisa wakaja kuniona. Walijaa chumbani mpaka wengine wakakaa juu ya mtungi wa maji. Waliomba, wakaimba. Neema alikuwa analia tangu asubuhi, na katikati ya wimbo akanyamaza. Kiongozi wao akafungua macho, akamwangalia mapajani mwangu, akasema, "Asifiwe Bwana. Ametulia." Wote wakaitikia amina. Hata nepi ilikuwa kavu tangu asubuhi, na hiyo nayo tuliiweka upande wa baraka: kuhara kumekwisha.

Mwenye Ploti hakuja kuomba. Alikuja kugombana, kwa sababu viatu vya wageni vilikuwa vimefunga njia ya mfereji, na nepi zangu zilikuwa juu ya kamba yake. Alisukuma mlango akianza, "Mama Neema, hii ni proti ama ni soko ya mitumba—"

"Shosho, karibu," kiongozi akamkatiza kwa upole. "Mtoto alikuwa mgonjwa, lakini ameshatulia."

Ugomvi ukaishia hapo. Alifungua zile funguo kiunoni, akainama, akazitikisa juu ya uso wa Neema. Sasa mjue, Neema alizipenda zile funguo kuliko titi. Zikipita tu mlangoni alirusha mikono na miguu. Siku hiyo hakuangalia. Macho yalikuwa wazi kabisa na hayakuangalia kitu.

Akamtia kidole mdomoni, akakitoa kikavu. Akapitisha kiganja juu ya utosi, taratibu, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba pale juu palikuwa pamebonyea.

"Amekojoa saa ngapi huyu?"

Chumba kizima kikaniangalia. Hakuna aliyejua.

"Huyu hajaturia," akasema. "Huyu anaisha."

Hakuniuliza. Alimtoa Neema mapajani mwangu kama mtu anayechukua sufuria yake aliyoazimisha, akamfunga kwa ile leso, akatoka. Nikapiga kelele. "Shosho, rudisha mtoto! Mimi ndiye mama!"

"Basi kuja na yeye," akasema bila kugeuka.

"Tumalizie maombi kwanza," kiongozi akasema mlangoni.

"Mariza tu. Mungu atanisikia hata nikiwa kwa boda."

Nilimkimbilia na kiatu cha mtu mwingine, mpaka leo sijui ni cha nani. Tulibanana kwa pikipiki moja, yeye katikati na mtoto wangu kifuani mwake, mimi nyuma nimeshika sweta yake kwa nguvu, nikimtukana kimoyomoyo. Pale hospitali muuguzi aliuliza mama wa mtoto ni nani. Mwenye Ploti akanisukuma mbele. "Ni huyu. Mimi ni landirodi tu."

Maji yalikuwa yamemwisha mwilini. Walitafuta mshipa mkono huu, wakatafuta ule, wakaupata mguuni. Sindano ilipoingia Neema alitoa sauti nyembamba, kilio cha paka, na Mwenye Ploti akapiga makofi mara moja. "Ndiyo hiyo! Ria, mami. Ria sana. Sumbua watu."

Nilimchukia siku zote tulizokaa wodini. Msinishangae. Mtu akikuokolea mtoto kwa kukuaibisha mbele ya kanisa zima, hujui umpigie magoti au umpige kofi. Hakuja kutuona hata mara moja. Tuliporudi alikuwa amekaa pale pale getini. Akatikisa funguo. Neema akarusha mikono. Mwenye Ploti akamwangalia kwa muda, halafu akaniangalia mimi.

"Nepi zako ziriachwa kwa kamba yangu," akasema.

Ndiyo salamu tuliyopewa.

Baada ya hapo nilianza kumchunguza, kwanza kwa hasira, nikitafuta mahali amekosea. Nilitaka kujua anajuaje. Nikagundua kwamba hajui. Hakuwahi kutaja ugonjwa wa mtoto yeyote. Wengine wote ploti nzima tulikuwa na majina: meno, baridi, macho ya watu, maziwa mabaya, nimonia ya mgongo, kitu kama hicho. Yeye ukimuuliza ni nini alijibu haraka, "Sijui. Ndiyo tunaenda." Lakini sisi, majina yakituishia, tulikuwa tunasema sijui ni nini, hebu tungoje tuone. Sijui ni ile ile. Sisi ilitukalisha, yeye ilimsimamisha.

Na hakuwa wa kukimbizakimbiza watu ovyo, kama mama mkwe wangu anavyodhani watu wa namna hiyo walivyo. Siku moja Neema aliamka na kamasi mpaka mdomoni na mwili una joto, na mimi, kwa sababu ya yaliyonipata, nilikuwa tayari nimevaa. Mwenye Ploti akanizuia getini. Akatikisa funguo. Neema akazikamata, akaziweka mdomoni, akakataa kuziachilia, akapigana naye.

"Huyu anapigana," akasema akivuta upande wake. "Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Anakojoa?"

"Amenikojolea sasa hivi."

"Rudi ndani, uvue hiyo nguo ya kanisa. Akiacha mojawapo ya hayo, uniite. Hata kama nimerara."

Jioni alipita mara kadhaa mbele ya mlango wangu, bila sababu, akijifanya anakagua mabati.

Lakini kwa wachanga kabisa hakuwa na mchezo. Funguo hakuzigusa. Mama mmoja wa chumba cha karibu na choo, msichana kutoka Murang'a aliyekuwa amejifungua juzi tu, alikuwa na mtoto wa joto. Tulimkuta amemvika kofia ya marvini, sweta mbili, soksi, na blanketi ya manyoya, kwa sababu mtoto alikuwa anatetemeka kidogo. Mwenye Ploti, mwenyewe akiwa ndani ya sweta zake mbili, akaanza kumvua yule mtoto kama anayemenya ndizi.

"Huyu ni mtoto ama ni chapati umefunika isipoe?"

"Shosho, ana baridi."

"Ana moto. Mtoto wa umri huu akiwa na moto, mimi siangarii kama anacheka, siangarii kama ananyonya. Vaa viatu."

"Nilikuwa nangoja baba yake atoke kazini."

"Baba yake ni daktari?"

"Ni fundi wa mabomba."

"Basi akitoka atengeneze bomba. Vaa viatu."

Niliwasikia na nikacheka mpaka machozi. Juzi, nikiwa na wangu mikononi akiwa moto, sikucheka. Nilivaa viatu.

Sasa huyu mwanamke, aliyejua njia ya hospitali kuliko boda wote wa Kimbo, yeye mwenyewe hakuwa anaenda. Miguu ilimvimba jioni mpaka soksi zikaacha mistari, na dawa alinunua kwa yule kijana wa kemisti ambaye alimwita muuza peremende. Nikamwambia siku moja, shosho, huyo si alisema Neema ana meno? Akanijibu bila aibu, "Huyo ni wa miguu yangu. Si wa mtoto." Nikamwambia miguu pia ni mtu. Akafunga mfereji.

Na alikosea. Nataka niandike hilo kwa sababu ndilo ninalolifikiria zaidi siku hizi. Kulikuwa na fundi wa mawe, mtu wa Kisumu, mpole, na mke wake, na mtoto wao wa kiume aliyekuwa ameanza kula. Asubuhi moja mama alifungua nepi akapiga mayowe, na Mwenye Ploti akafika, akaona nyekundu, naye akapiga mayowe kumshinda. "Damu! Ngai, ni damu!" Fundi akatolewa kazini kwa simu. Wakakimbia wote hospitali, mama analia, fundi ana saruji mpaka kwenye nyusi. Daktari akaiangalia nepi, akainusa, akauliza mtoto alikula nini jana. Bitiruti. Mama alikuwa amempondea bitiruti za sokoni Githurai, kwa sababu kliniki walikuwa wamemwambia damu ya mtoto iko chini, na majirani wakamwambia bitiruti inaongeza damu. Wengi wetu tulikuwa tunawapa watoto bitiruti. Ila hakuna aliyekuwa amefikiria itatokea upande wa pili.

Ploti ilicheka mwezi mzima. Wanaume wakipita getini walikuwa wanasema, "Shosho, niaje? Leo nimekula bitiruti, unitafutie ambulensi." Fundi mwenyewe alikuwa na hasira kidogo, siku yake ya kazi imepotea.

"Shosho, umenitoa juu ya jengo kwa sababu ya mboga," akamwambia mbele ya watu.

"Nirikosea," akasema. "Mtoto ako?"

"Ako."

"Basi ucheke vizuri. Usicheke na mdomo nusu."

Na wiki ileile mtoto mwingine akaanza kukohoa kifua kikiingia ndani kila akivuta pumzi, na Mwenye Ploti akapiga mlango kwa nguvu zilezile, sauti ileile, kana kwamba bitiruti haijawahi kuota duniani. Mtu mwingine angepunguza sauti. Angesema, nisije nikachekwa tena, hebu wacha kwanza. Mimi najijua, ningepunguza. Wengi wetu hatuchelewi hospitali kwa sababu ya ujinga. Tunachelewa kwa sababu mara ya mwisho tulichekwa.

Watu walikuwa na hadithi yao juu yake. Walisema lazima alizika mtoto zamani, ndiyo maana yuko hivyo. Waliisema kwa sauti ya chini, na huruma, na mimi niliiamini kwa sababu ilikuwa nzuri kuamini. Siku moja tukichambua mboga nikamuuliza, kwa adabu zote, kama kuna mtoto alimpoteza. Akaacha kisu.

"Nani amekufa?"

"Watu wanasema tu, shosho."

"Wangu wote wako! Mmoja ako Thika, mmoja ako Nyeri, mwingine ni murevi rakini ako." Alikuwa amekasirika kweli. "Kwani razima nizike mtu ndio nipate akiri? Nyinyi mnataka mtu afiwe kwanza ndio mumsikie?"

Ni kweli tunataka.

Ploti iliuzwa. Miguu ilimshinda, binti yake akaja kumchukua, na aliyenunua akabomoa mabati akajenga ghorofa. Sisi tulihamia nyumba nyingine, Kimbo hiihii. Nilikuwa nampigia simu mara mojamoja, halafu sikumpigia tena, unajua maisha.

Jana, nyumba ikiwa imejaa nyimbo za kununa, nilimfunga mtoto mgongoni nikapanda gari mpaka Thika, Makongeni, kwa binti yake. Nilikuwa na mpango. Nilitaka ampigie mume wangu simu. Baba Neema alimwogopa shosho kuliko polisi, nilijua maneno mawili ya sauti ile yangetosha.

Nilimkuta amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya stuli. Amepungua. Sweta zilikuwa bado mbili, lakini zilimzidi.

"Mama wa ugari!" akasema, nami nikaanza kulia hapohapo kama mjinga.

Nikamweka mtoto mapajani mwake. Alimwangalia kwanza kifua, kinavyopanda na kushuka, kabla hajamwangalia sura. Nikamweleza yote: joto, mama mkwe, hospitali, kesi, sheria mpya ya kupiga simu kwanza.

"Daktari arisema nini?"

"Alisema hakuna kitu kibaya. Ni mafua."

"Rudia."

"Hakuna kitu kibaya, shosho."

Akacheka, meno machache yaliyobaki yote nje. "Na wewe umekuja hapa umefura kama maandazi! Umeenda mbali hivi uambiwe hakuna kitu, ukaambiwa, halafu umekasirika?"

"Wananicheka. Na wamesema nisiende tena bila ruhusa." Nikatoa simu. "Mwambie Baba Neema. Wewe atakusikia."

Aliiangalia simu. Hakuishika.

"Wewe uridhani warikuwa wananisikia kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu ulikuwa unajua."

"Nirikuwa najua nini mimi? Si hata bitiruti irinishinda." Akavuta shuka akamfunika mtoto miguu, halafu akaifunua tena. "Warinisikia kwa sababu proti irikuwa yangu. Mtu akitaka kunikataria anafikiria atarara wapi. Uridhani ni heshima? Sasa niko kwa nyumba ya mtu. Nikisema kitu hapa, wananiongezea redio."

Na kweli, ndani redio ilikuwa inapiga kelele.

Nilikuwa sijawahi kufikiria hivyo. Kumbe wakati wote ule alijua nguvu yake inatoka wapi, na akaitumia mpaka ikaisha, na nyingine akaitumia vibaya, kwa mfereji na kamba ya nguo. Nikahisi nimedanganywa, halafu nikahisi sijawahi kumpenda hivi.

"Mimi sina ploti, shosho," nikasema.

"Najua. Kwa hivyo itakuwa ngumu zaidi. Piga."

Nikapiga. Baba Neema alishika simu huku nyuma panga likikatakata nyama juu ya ubao.

"Niko kazini," akasema.

"Najua. Sikiliza. Ile ya kukupigia kwanza, sitaifanya."

"Mama Neema, tuliongea—"

"Wewe uliongea. Mimi nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Mtoto akiwa moto tena, au akikataa titi, nitatoka. Nitakupigia nikiwa kwa foleni."

Panga likaacha kugonga.

"Na mama nitamwambia nini?"

"Mwambie chochote. Nitampikia, nitamnawisha mikono, nitamheshimu. Lakini mtoto hapimwi kwa macho kutoka jikoni."

"Na kama ni hakuna kitu tena? Watu watasema nini?"

"Watacheka. Nitakupigia nikuambie hakuna kitu, na wewe ucheke na wao."

Nilisikia mteja akiuliza nyama yake iko wapi, na yeye akimwambia angoje kidogo. Mwenye Ploti alikuwa amejifanya anaangalia barabara.

"Foleni ya hospitali gani?" mume wangu akauliza mwishowe.

"Ya Thika."

"Sawa. Ukifika uniambie uko mlango upi. Nitaomba ruhusa nije."

Nikakata simu.

"Amesema aje?" Mwenye Ploti akauliza.

"Amesema atakuja."

"Akuje na uji," akasema. "Ire foreni ni ndefu, na wewe unanyonyesha."